Nusu Saa ya Maji

Darasa namba kumi na saba, chuoni Ibra:
viti arubaini vimekazwa sakafuni kwa skrubu,
vyote vinanitazama mimi.
Wasichana mlango wa nyuma, wavulana wa mbele,
na kati yao ujia mpana wa kupita ngamia na mzigo wake,
ila ni mimi tu niupitaye.

Somo ni hesabu za uwiano.
Wiki tatu nilifundisha kwa kitabu kilichochapwa mbali,
treni mbili zinaondoka stesheni mbili.
"Mwalimu," akauliza Hamyari, "treni gani?"

Nikakifunga.
Nikasema: kesho kila mmoja alete zamu ya maji ya kwao.
Maana falaji, ule mfereji wa wachimbaji waliosahauliwa majina,
unapita nyuma ya maegesho yetu bila haraka,
na kila shamba la mitende lina saa zake.

Kesho yake darasa likawa soko.
Hamyari na karatasi ya babu yake, athari nne na robo.
Ghusna akasema kwao hukodi, tena kwa mnada,
na mamake hupandisha bei kwa kukohoa.
Dadkarim, Mbaluchi, ambaye tangu Septemba
sikuwahi kuijua sauti yake,
alisimama akabishania robo ile hadi shingo ikamtoka mishipa:
ami yake ndiye mshika zamu, angejuaje Hamyari!
Sehemu zikapata wenyewe. Tatu ya nane ni ya mjane.
Moja ya kumi na sita ni ya ndugu wawili wasiosemezana,
kwa hiyo haigawiki, ingawa kihesabu inagawika.
Nikajiona mwalimu, nakiri.

Hadi safu ya mwisho.
Karatasi ya Asila ilikuwa nyeupe.
"Kwetu hatuna zamu," akaniambia kwa Kiswahili,
sauti ya chini, ya jikoni.
"Bibi alirudi na sanduku la bati na cherehani.
Alikuta maji yameshagawiwa."

Athari, huku, ni nusu saa ya maji.
Athari, nyumbani kwetu, ni kile kinachobaki
jambo likishapita.
Nilitandika jamvi nikaita watu,
nikamwacha mmoja kizingitini alinde viatu.
Na mimi ni wa sanduku lilelile la bati.
Nilisahau.
Au sikusahau, nilishaanza kupokea mshahara.

Kimya. Kiyoyozi kikapiga chafya.
Kisha Dadkarim, bila kunyoosha mkono:
"Lakini kule juu, maji yanapochomoza,
kabla ya mgawo wa kwanza, hakuna zamu.
Anakunywa yeyote. Mpita njia. Mbuzi wa mtu.
Ami anasema hesabu huanza baadaye."

Nikafuta ubao, si wote.
Nikampa Asila kalamu.
Akachora mdomo wa mfereji juu kabisa, karibu na saa ya ukutani,
akageuka: "Haya, wanywao ni wangapi?"
"Hawahesabiki," akasema Hamyari.
"Basi andika hivyo. Ndio mstari wa kwanza."
Ghusna akacheka, kisha akaandika.
Wote wakaandika.

Jumatatu alikuja Biju wa karakana na bisibisi.
Viti kumi na kimoja vilikubali kung'oka,
vingine kutu imevishika kama deni.
Tukakaa duara lenye pembe, lililopinda ubavu mmoja,
wengine bado wametupa kisogo wakipinda shingo,
na ule ujia wa ngamia ukapotea njia
katikati ya magoti na mikoba.
Asila alikaa karibu na dirisha,
anabishana na Dadkarim juu ya mbuzi:
je, mbuzi ahesabiwe kinywa kizima?

Ofisi imeniandikia barua:
nani aliidhinisha viti kung'olewa?
Sijaijibu.
Namtafutia Biju mafuta ya kutu
na bisibisi kubwa zaidi.